Chini ya Ungo wa Salome

Jumapili, jioni, Iyula. Joto tu. Mawingu yamejazana upande wa Momba tangu mchana, yananguruma, hayateremshi kitu. Miguu inaniuma, maana yake mvua iko karibu. Lakini hii miguu ilishanidanganya mwaka jana, siitegemei sana.

Naongea mimi, anaandika Salome. Kwa wale wapya: mimi sikusoma, na macho yangu yameingia mtoto wa jicho. Hii shajara ya kwenye simu alinifungulia mjukuu wangu huyu kwa sababu alisema nikikaa bila kuongea nitapasuka. Leo nimemwambia aandike kila kitu, hata pale ninapomsema yeye. Amekubali. Mkiona nimemsema, mjue ameandika kwa mikono yake mwenyewe.

Jana walikuja wakwe.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hivi hivi hamtaelewa. Salome ni mtoto wa mwanangu Ezekia. Marehemu babu yake alikuwa akimwita mke wangu, na mimi mpaka leo namwita mke mwenzangu, tunagombea kiti cha mtu ambaye hayupo. Alisoma, akasoma, akasoma, nikadhani walimu watachoka wao kwanza. Sasa yuko nchi za mbali anasomea vitu visivyoonekana. Amekuja likizo. Na kuna kijana anaitwa Kulwa, fundi umeme wa malori pale Mpemba, barabarani, wanapendana tangu siku nyingi. Kulwa ni Msukuma. Baba yake alihamia bondeni Momba na ng'ombe zamani, Kulwa bado mtoto. Ni watu wazuri. Wanaongea polepole, mimi naongea haraka, kwa hiyo tukikaa pamoja mimi ndiye ninayesikika.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Wiki iliyopita mshenga wao alipita hapa kupanga siku ya kuja. Nikamkaangia karanga, nikampa chai. Akauliza kwa heshima tu, "Bibi, huyu binti yetu huko aliko anafanya kazi gani?" Mtu mwingine angesema anasoma, basi, yakaisha. Mimi nikasema anarusha umeme. Nikasema wana mashine ndefu huko, anarusha umeme unakwenda mbio, unapiga kitu ambacho hata yeye hakioni, na ukishapiga anajua kilivyo ndani. Nilisema kwa majivuno, na mikono nikaonyesha.

Mshenga akaacha karanga.

Mimi nikadhani ameshiba.

Watu wa huku hamhitaji kuambiwa. Walio mbali niwaambie: huku kwetu kuna watu wanaosemwa kwamba wanarusha radi. Watu wakigombana, radi ikapiga kwa mmoja wao, majirani wanaanza kukumbushana nani alikosana na nani. Mimi sisemi ipo wala haipo, mimi ni mtu wa kanisa, nasema inavyosemwa. Na msimu wa mvua uliopita, ng'ombe wa Baba Kulwa walipigwa na radi. Walikuwa wamejikinga chini ya mti, wakalala pale pale kama wamepangwa. Nilikuwa najua. Nilikwenda mpaka kutoa pole! Nililia pale, na bado nilivyompata mshenga mdomo wangu ukasema umeme.

Simu ikaja kwa Ezekia. Hawaji tena. Wamesema binti ni mzuri, hawana ugomvi na mtu, ila lile jambo lipumzike.

Kulwa alikuja na pikipiki siku hiyo hiyo. Akakaa kwenye kigoda hapo mlangoni, hata maji hakunywa. Salome hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Alikwenda shambani kwenye kahawa peke yake, akarudi jioni anasema jua lilikuwa kali. Mimi sioni vizuri, ila pua ya mtu aliyelia naijua kwa sauti.

Ezekia ndiye aliyesema: "Mama, huo mdomo wako."

Kisha akatoka nje.

Kulwa alimbembeleza baba yake siku kadhaa. Mwisho mzee akakubali kuja mara moja, asikie kwa masikio yake kutoka kwa binti mwenyewe. Akiridhika, mambo yaendelee. Akitoka hapa hajaridhika, imeisha, na Kulwa asimsumbue tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nafasi ya mara moja.

Ijumaa tulikaa na Salome tunachambua maharage, mimi kwa vidole, yeye kwa macho. Nikamwambia mke mwenzangu, nieleze tena, safari hii taratibu, nijue nilichoharibu.

Akanieleza. Kila kitu, hata hili harage, kimejengwa na vitu vidogo sana, na katikati ya kila kimoja kuna kiini. Kiini ni kidogo mpaka mwanga wenyewe hauwezi kukionyesha, mwanga kwake ni mnene mno. Nikamwambia ni kama kutafuta umbo la punje ya ulezi kwa kuirushia maboga. Akacheka, akasema hapo hapo bibi. Sasa wao wanachukua elektroni, ndizo vitu vidogo vya umeme, hata huo wa taa. Wanazikimbiza ndani ya bomba lisilo na hewa. Kadiri zinavyokwenda kasi ndivyo zinavyoweza kuonyesha vitu vidogo zaidi. Zinafika kwenye kiini, zinatawanyika, nyingine huku, nyingine kule. Pembeni wameweka vyombo vya kuhesabu. Upande huu zimekuja nyingi, upande huu chache, hapa karibu hakuna. Na pale zinapopungua ndipo panapowaambia kiini kina upana gani.

Nikauliza kwa nini elektroni, kwa nini wasirushe kitu kizito kikapasua wakaona. Akasema ndani ya kiini kuna nguvu kubwa inayovutana, kitu kizito kikifika nacho kinaingia kwenye vurugu. Elektroni haiijui ile nguvu. Yenyewe inagusana na umeme tu. Nikasema basi ni kama mgeni ambaye hataki kujua mmegombania nini, anakula chakula chake anaondoka, na kesho atakueleza nyumba yenu ilivyo.

Na kiini kina ganda? Akasema hakikukatika pembeni kama yai. Kinapungua polepole, kama ukungu wetu wa asubuhi, huwezi kuweka kidole ukasema unaishia hapa.

Nikayasikia yote. Siwezi kusema nimeyaelewa yote. Lakini niliona wapi nilikosea, maana katika maneno yote hayo mimi nilichukua umeme na kurusha, nikaacha mengine yote kwenye kikapu.

Salome akasema atawaonyesha, sio kuwaeleza. Akampigia Kulwa amletee gololi za beringi mbovu za malori, zile ndogo za chuma.

Ezekia naye akaja na sharti lake. "Kesho Mama unasalimia, unakaribisha chakula. Mengine niachie mimi."

Nikasema sawa. Nilikuwa na haki gani?

Jana asubuhi wakafika. Baba Kulwa, mshenga, na Kulwa nyuma yao amevaa shati jeupe, maskini, kama anakwenda kubatizwa. Nikawaamkia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kwao Usukumani, wakafurahi kidogo, wakaitikia. Viti tulikuwa tumevipanga kule kwenye sakafu ya kuanikia kahawa, kwa sababu ya ule mchezo wa Salome. Sakafu ina vumbi msimu huu, kahawa zilishatoka.

Katikati ya sakafu ulikuwa ungo wangu. Ungo wangu mzuri ule wa kupepetea, ameufunika juu ya vipande vya tofali, umeinuka kidogo tu, gololi inapita, jicho halipiti. Chini yake alikuwa ameficha kitu kabla hatujaamka. Hakumwambia mtu. Hata mimi. Hasa mimi.

Akapiga magoti kwa Baba Kulwa, akampa kopo la gololi. Akasema, "Baba, chini ya ungo kuna kitu. Usifunue. Rusha hizi zipite chini, uangalie zinatokea wapi. Halafu uniambie kitu hicho kikoje."

Mzee akamwangalia mwanae. Akaangalia kopo. Nikasikia ametema pembeni.

Akarusha moja, kwa kukaa pale pale kwenye kiti. Ikapita moja kwa moja, ikatokea upande wa pili. Akarusha nyingine, ikagonga, kla! ikatoka kushoto. Ya tatu ikarudi karibu na viatu vyake. Hapo akasimama.

Nakwambia yule mzee alivua kofia. Akachuchumaa kwenye vumbi, mtu mzima na suruali yake ya suti, anarusha, anafuata mstari wa gololi kwenye vumbi kwa fimbo. Akahamia upande mwingine. Mshenga naye akashuka, "Nipishe nijaribu hapa, mzee, wewe unarusha kwa nguvu mno." Baba Kulwa akamwambia, "Wewe kaa na ushenga wako." Ezekia, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaza uso kama mlango, nikamsikia anasema hapana, ni tofali, hiyo imepiga ubapa. "Tofali gani lenye mgongo?" Baba Kulwa akamjibu. "Huku imeteleza. Hiki ni cha mviringo. Ila upande ule kimebonyea."

Mimi nilijua kwa mlio kwamba ni chungu. Nilinyamaza. Andika hilo, Salome, nilinyamaza.

Hatimaye mzee akachoka, akataka kuinua ungo kwa ncha ya fimbo. Salome akaweka mkono juu yake.

"Samahani, baba. Kwenye kazi yangu ungo haufunuliwi."

"Haufunuliwi lini?"

"Hata siku moja. Hakuna anayeweza. Tunarusha tu."

"Sasa utajuaje umekosea?"

"Ninarusha tena, kwa pembe nyingine. Na wenzangu nchi nyingine wanarusha za kwao. Tukipata tofauti, tunarudia wote."

Mzee hakupenda. Alirudi kwenye kiti, akapangusa magoti, nikasikia pumzi yake. Mimi pia nisingependa. Mtu amechuchumaa na umri wake, halafu haonyeshwi?

Salome akaendelea, akamwambia kitu anachokichunguza yeye ni kiini cha kalsiamu, na kalsiamu ndiyo iliyomo kwenye mifupa na kwenye maziwa. Hapo masikio ya mzee yakasimama. Maziwa ni lugha yake. Akamwambia iko kalsiamu nyepesi na iko nzito, ile nzito imebeba vitu vya ziada visivyo na umeme. Ungetegemea iwe imenenepa. Lakini wakizirushia elektroni zote mbili, mwili wa umeme unaonekana karibu ukubwa ule ule. Ule mzigo wa ziada umekaaje? Ndilo swali lake. Anataka kulimaliza ndipo arudi nyumbani.

"Kumbe ni maziwa," mshenga akasema, amepata ahueni, maana na yeye ana lawama zake katika habari hii.

Baba Kulwa hakusema kumbe. Aliweka fimbo chini. Akauliza polepole kama wanavyoongea kwao, neno moja, kisha neno jingine.

"Binti yangu. Mi nauliza. Huo umeme unaorusha, na ule uliolaza ng'ombe wangu, ni tofauti?"

Jamani.

Mimi moyoni nikasema, mwambie ni tofauti. Mwambie ni tofauti kabisa, huu ni wa kitabuni, ule ni wa Mungu. Neno moja tu, mtoto, kisha tukale wali.

Salome akasema, "Si tofauti, baba. Ni kitu kile kile."

Kuku tu walikuwa wanaongea.

"Radi ni elektroni nyingi mno, zinashuka ovyo. Za kwetu ni chache, zinakwenda mstari mmoja ndani ya bomba."

"Na zinaua?"

"Ukisimama mbele yake zinadhuru, ndiyo. Zinaweza kuua. Ndiyo maana zimezungushiwa ukuta mnene wa zege, na mlango ukifunguliwa mashine inajizima. Mimi nakaa chumba kingine kabisa. Zikitoka nje ya bomba haziendi mbali. Kufika hapa haziwezi, hata kufika barabarani haziwezi. Lakini siwezi kukuambia hazidhuru."

Hapo ndipo nilipoweka kanga mdomoni. Sio kwa mfano, niliing'ata kweli, upindo wake una alama mpaka sasa. Maneno yalikuwa yamejaa, nilikuwa na hoja nzuri kabisa, kwamba mbona Kulwa anashika umeme wa malori kila siku na hakuna anayemsema. Ni hoja nzuri hata leo. Lakini nilikumbuka karanga za mshenga. Kila nilipofungua mdomo wiki ile kitu kilivunjika.

Nikatulia. Ezekia alikuwa ameinama.

Baba Kulwa akasema, na haya nimeyashika kama yalivyo, maana nilikuwa sina kazi nyingine zaidi ya kusikiliza:

"Nimezeeka nikisikia fulani anarusha radi, fulani anarusha radi. Kule tulikotoka, na hapa. Nimewaona wakiitwa barazani. Wote wanakataa. Wanaapa kwa watoto wao. Sijaona hata mmoja aliyesema ndiyo, ni umeme ule ule, unaua, na nimeufungia mahali fulani. Mwenye kurusha hasemi." Akaokota kofia yake. "Huyu kasema."

Mshenga akaanza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Tukala. Alikula vizuri, akaomba na parachichi. Ezekia akamwonyesha miche mipya, wakaongea habari za miche na dawa za ng'ombe, habari za wanaume ambao hawataki kuongelea kilichotokea. Salome alikuwa jikoni. Nikamfuata, nikamshika mkono, ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni. Nikamuuliza, ulijuaje atakubali? Akasema hakujua. Alisema tu asingeweza kuanza kwenye nyumba ya watu kwa uongo, halafu mvua zinyeshe.

Hilo limenikaa. Maana ni kweli, radi itapiga tena bondeni, mwaka huu au ujao, haina adabu. Na yeye atakuwa mkwe wa nyumba ile. Kulwa amesema kabla mvua hazijachanganya atasimika chuma cha kupokea radi pale zizini, na ule mti wataukata. Afadhali. Lakini mimi kila ngurumo sasa nitakuwa nasikiliza upande wa Momba. Hata hivi tunavyoandika nasikiliza.

Basi jana hiyo mzee anaondoka, amefika kwenye pikipiki, akarudi. Akarudi mpaka kwenye sakafu. Tukadhani amesahau fimbo. Akasimama juu ya ungo, akauangalia.

"Msiufunue," akamwambia Ezekia. "Na huyu binti asifunue. Nikija na ng'ombe nitarusha kwanza, halafu nitafunua mwenyewe."

Nikija na ng'ombe!

Ezekia alisema, "Sawa, mzee," kama mtu aliyeambiwa habari za kawaida. Kulwa alishindwa kuiwasha pikipiki. Fundi mzima.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyo. Ungo wangu wa kupepetea uko nje sakafuni mpaka wakwe watakaporudi, na maharage yale napepetea kwenye sinia. Ezekia anaona ni mchezo wa wazee, lakini amewafunga mbuzi wasije wakaukanyaga. Leo kabla ya kanisa niliteremka peke yangu, nikarusha gololi moja. Ilirudi ikanipiga kidole cha mguu. Bado nasema ni chungu. Salome, anayejua, anaandika hapa na hasemi kitu, na mimi nimeacha kumuuliza. Karibu niache.

Nimejiambia nitajifunza kusikiliza kilichorudi kabla ya kurusha kingine. Sijui kama mtu wa umri wangu anaweza. Nimeweza jana, kwa kuuma kanga. Siwezi kuuma kanga maisha yangu yote, na nina kanga ngapi?

Ngurumo nyingine hiyo, imesogea. Ungo ukilowana unaharibika, kila mwanamke anajua, na kuuingiza ndani ni kuufunua. Basi nimemtuma Ezekia alete lile turubai la kahawa, tumeufunika pale pale ulipo, tumekandamiza pembe zote kwa mawe.

Mvua ikitaka, inyeshe. Na mtu yeyote atakayepita kwetu akaona turubai limevimba katikati ya sakafu, asiguse. Lina mwenyewe, na mwenyewe anakuja na ng'ombe.